Upande wa Kulia wa Kaka

Mimi ni kinyozi. Watu wanadhani kazi ya kinyozi ni kunyoa, lakini kunyoa ni kisingizio tu. Kazi yenyewe ni kuongea. Mteja anakaa, ninamfunga shuka shingoni, na kuanzia hapo hana pa kukimbilia. Kwa hiyo mtu anayetaka kunitesa hana haja ya kunipiga wala kunitukana. Aninyamazie tu. Kaka yangu aliligundua hilo miaka minne iliyopita, na tangu hapo alikuwa akinitesa bila kuchoka.

Yeye ni fundi redio. Amenizidi miaka tisa, na karibu mambo yote ninayoyajua yasiyohusu nywele amenifundisha yeye: kuogelea, kuendesha baiskeli, kudanganya bila kupepesa macho, na kuwinda bata. Hilo la mwisho ndilo lililotugombanisha, na ndilo pekee lililobaki. Tulikuwa hatusemezani, lakini kila msimu mbegu za mpunga zikishamwagwa na majaruba kujazwa maji, tuliendelea kwenda pamoja kukaa kwenye kibanda cha maficho, bega kwa bega, saa tatu nzima. Huko hata ndugu wanaopendana hawasemi kitu. Bata wana masikio.

Asubuhi ninayotaka kuieleza ilikuwa ya Jumamosi, na Jumatatu yake kaka alikuwa anahama. Binti yake mkubwa anaishi mji wa mbali, safari ya siku mbili, na alikuwa amewaandalia chumba yeye na shemeji. Vyombo vilishafungwa. Duka la redio lilishapata mpangaji, muuza vitambaa. Mke wangu alinisindikiza mpaka mlangoni alfajiri hiyo, kajifunga shuka, kanishikia chupa ya chai.

"Bata ni hiari," akasema. "Neno ni lazima. Usirudi hapa mpaka umeongea na kaka yako."

"Nilishaongea naye. Yeye ndiye hajanijibu."

"Basi ongea tena."

"Mara ya pili si kuongea, ni kubembeleza."

"Basi bembeleza," akasema, akanikabidhi chupa na kufunga mlango. Nikasikia komeo.

Lazima nieleze kanuni za kibanda, maana bila hizo kosa langu halieleweki. Kibanda chetu kiko katikati ya shamba la mpunga, juu ya tuta linalotenganisha majaruba mawili makubwa. Ni miti minane, kuta za matete, paa la majani makavu na benchi moja la ubao. Mbele kuna uwazi wa kutokezea mitutu ya bunduki. Hatua ishirini kutoka hapo tunaweka majini bata kumi na wawili wa mbao, kila mmoja kafungwa kamba na jiwe asichukuliwe na upepo, ili bata wa kweli wakipita juu waone wenzao wametulia nao washuke. Kaka ndiye aliyewachonga, mimi nikawapaka rangi. Wawili wametoka makengeza, lakini bata mwitu hawajawahi kulalamika. Kibali cha kuwinda tunacho, na mwenye shamba anatukaribisha kwa moyo mmoja, kwa sababu bata wakiachiwa jaruba jipya wanakula mbegu, wanakanyaga miche, na baada ya siku mbili linakuwa kama uwanja wa mpira wa shule ya msingi.

Sasa, kukaa. Kaka anatumia mkono wa kulia, mimi ni mashoto. Anayepigia bunduki bega la kulia humwia rahisi kugeukia kushoto, na mashoto ni kinyume chake. Kwa hiyo tangu msimu wa kwanza kaka hukaa kushoto na mimi kulia kwake, mitutu yetu ikitazama nje, kila mmoja na kwake. Katikati ya bata wa mbao tumesimika kijiti. Bata aliye kushoto kwa kijiti ni wa kaka, aliye kulia ni wangu. Hakuna kuvuka kijiti. Hata bata awe amesimama anakukodolea macho, akiwa ng'ambo ya kijiti si wako. Na hakuna kufyatua mpaka kaka ainue ngumi. Mengine yote husemwa kwa vidole: wangapi, wanatoka wapi, wako mbali au karibu.

Miaka minne iliyopita nilivuka kijiti.

Alikuwa bata dume mkubwa, wa kwanza msimu ule, anakuja chini chini upande wa kaka. Kaka alikuwa anamsubiri asogee. Mimi sina subira hiyo, nilishaona anatuponyoka. Nikainuka, nikageuka, nikampitishia kaka mtutu pembeni ya kichwa, haukufika shubiri kutoka kwenye kofia yake, nikafyatua. Bata akaanguka. Kaka akashika upande wa kichwa kana kwamba anaweka kofia sawa, akafumba macho, akakaa hivyo kwa muda mrefu. Nikajua anazuia hasira.

Nilimwacha kidogo, kisha nikamwinamia nikasema polepole, "Kaka, nimekosa. Nisamehe." Naomba ieleweke kwamba mimi si mtu wa kusema maneno hayo ovyo. Mke wangu ana miaka kumi na saba kwenye ndoa na bado anasubiri ya kwake. Kaka akatazama maji. Nikarudia. Akaendelea kutazama maji. Baadaye akainuka, akakusanya bata wa mbao, akawatia guniani, tukarudi tumefuatana kimya mpaka kwenye geti lake. Pale akanipa yule dume mkononi, akaingia ndani.

Nilimla yule bata kwa uchungu. Lakini nilimla.

Kuanzia mwezi ule kaka hakukanyaga tena kwenye kiti changu. Nilikuwa nimemnyoa tangu nilipojifunza kushika mashine. Kichwa chake ndicho nilichojifunzia, na alama mbili anazo mpaka leo. Akahamia kwa Kinyozi wa Stendi. Huyo mtu ananyoa kama anafyeka ua, na mdomo wake umeshonwa. Anakuonyesha kiti kwa kidole, ananyoa, anakuonyesha kioo, kwisha. Hajui habari ya mtu yeyote mjini. Kaka kupita mlangoni kwangu kwenda kwa mtu wa namna ile lilikuwa kofi la uso mbele ya wateja.

Kwenye shughuli za ukoo ilikuwa mbaya zaidi. Nikimsalimia, ananitazama mdomoni kana kwamba anahesabu meno, kisha shemeji anamgeukia na kumwambia, "Mdogo wako anakusalimia," ndipo anatikisa kichwa. Nikasema sawa, tumefika mahali ambapo natafutiwa mkalimani kwa kaka yangu wa tumbo moja. Baada ya miezi miwili hivi na mimi nikafunga mdomo. Nilisema, kama yeye amenuna, mimi kununa sihitaji mwalimu. Ikawa tunakutana kwenye kibanda tu, na hata siku za kwenda tulipangiwa na shemeji.

Jumamosi hiyo nilimkuta barabarani na gunia la bata wa mbao begani. Akanipa mkono, tukatembea. Kulikuwa bado kiza chepesi na majaruba yalianza kung'aa. Njiani nilijaribu kupanga maneno. Nilipanga kuanza na safari, niulize basi linaondoka saa ngapi, kisha niingie taratibu kwenye lile jambo letu. Nilipanga vizuri kabisa, lakini yeye alikuwa mbele na tuta ni jembamba, nikaona siwezi kuongea na mgongo. Tukaweka bata majini, makengeza wawili mbele kama kawaida, tukaingia kibandani. Yeye kushoto, mimi kulia.

Zamani, kwenye kiza kile, kaka ndiye aliyekuwa macho yetu. Alikuwa anainamisha kichwa kidogo, anasikiliza, kisha ananionyesha vidole vinne na kuelekeza gumba nyuma. Na kweli wanakuja wanne, kutoka nyuma. Ni sikio hilohilo lililomlisha. Redio akiletewa anaiwasha, anasikiliza mkwaruzo wake, na kukuambia waya gani umeachia kabla hajashika bisibisi. Lakini misimu hii minne alikuwa ananionyesha bata pale tu wanapokuwa mbele ya pua zetu, ambapo hata bibi yangu angewaona. Nikaelewa kwamba ananinyima mpaka ishara. Redio nazo aliziacha, akawa anatengeneza pasi na feni. Hilo nilisema ni biashara tu, siku hizi nani ana redio ya kupeleka kwa fundi.

Jua lilipokaribia kuchomoza nikawasikia. Walikuwa bata wa mluzi, wale ambao hawajui kuruka kimya. Walitoka nyuma yetu upande wa kulia, wengi, wanapiga mluzi kama watoto waliotoka shule. Mtu aliyelala nyumba ya tatu angewasikia. Nikashika bunduki, nikamtazama kaka, nikasubiri ngumi.

Kaka alikuwa anafungua kifuniko cha chupa yake ya chai.

Wakazunguka juu ya kibanda mara ya kwanza. Kaka akamimina chai. Wakazunguka mara ya pili, wakashuka kidogo upande wangu nyuma ya ukuta wa matete, nasikia mbawa. Kaka akapuliza chai. Hakuwatazama, hakuinua kidole, hakugeuza hata shingo. Wale bata wakabadili mawazo, wakaenda zao juu ya mitaro na kupotelea kwenye miti. Nilihesabu kumi na mmoja. Ndipo alipoinua macho akawaona wanaishia, akawatazama bila haraka, akanywa chai.

Damu ikanichemka. Nilisahau bata wana masikio, nikasahau basi na safari na kila nilichokuwa nimepanga. Nikamgeukia na kumwambia sikioni, si kwa kelele lakini bila kumung'unya maneno, kwamba ana roho ya jiwe. Nikamwambia nimemwomba radhi mara mbili kwa ajili ya bata mmoja, na kuna watu wameombwa radhi mara moja kwa nyumba iliyoungua wakaitikia. Nikamwambia aende huko anakokwenda na asinitumie salamu. Nikamwambia na kichogo chake sasa kinafanana na shamba lililopitiwa na mbuzi, kwa hisani ya Kinyozi wa Stendi. Nilikuwa nimeyabeba hayo miaka minne na yalitoka kwa mpangilio mzuri sana.

Kaka akaguna kidogo, kama mtu aliyekumbuka jambo. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa mkate uliofungwa kwenye gazeti, akaukata vipande viwili. Akageuka, akanikuta mdomo wazi, akanipa kipande kikubwa.

Nilikaa na mkate mkononi. Unaweza kumdharau mtu kwa kumnyamazia, hilo nalijua, nimelifanyia kazi. Lakini hakuna mtu anayeambiwa ana roho ya jiwe akakupa kipande kikubwa. Yeye alisharudi kutazama maji, anatafuna kwa utulivu. Nikasogea karibu na sikio lake la kulia, sauti ya kawaida kabisa, ile ninayotumia kuuliza mteja kama anataka ndevu.

"Kaka," nikasema. "Kibanda kinaungua."

Akatafuna.

"Shemeji amekimbia na Kinyozi wa Stendi."

Akapangusa chembe za mkate kwenye goti.

Nikaogopa. Nasema wazi, niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kitu. Kwa sababu mambo yalianza kuja yenyewe, moja baada ya jingine, na sikuwa nimeyaita. Pasi na feni. Macho yake mdomoni mwangu. Shemeji na "mdogo wako anakusalimia". Kinyozi asiyesema. Vidole vilivyoacha kuonyesha bata wa nyuma. Miaka minne ushahidi wote ulikuwa mbele yangu, na mimi nilikuwa na shughuli moja tu, ya kununa.

Nikatoa risasi kwenye bunduki yangu, nikaiegemeza ukutani. Nikainuka, nikapita mbele ya magoti yake nimejikunja, nikapiga teke kikombe chake, chai ikamwagika. Upande wa kushoto benchi lilikuwa limekwisha.

Nikamwonyesha kwa mkono, sogea. Akanikunjia uso, lakini akasogea. Kwa mara ya kwanza tangu tujenge kile kibanda nikakaa kushoto kwake, mahali ambapo mashoto hatakiwi kukaa kamwe.

"Unafanya nini?" akauliza kaka.

Hilo lilikuwa neno lake la kwanza kwangu baada ya miaka minne, na alilisema kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya barabara. Kwenye jaruba la tatu ndege wote wakaruka.

"Kaka, unanisikia huku?"

Aliniangalia mdomo, kisha akaniangalia machoni. Akatua mkate kwenye benchi.

"Huku nakusikia," akasema, safari hii akijitahidi kushusha sauti. "Usipige kelele, inakwaruza. Sema taratibu tu, karibu."

"Na huko kwingine?"

"Huko hakuna kitu."

"Tangu lini?"

Akafikiria, si kwa sababu hakujua. Alikuwa anatafuta namna ya kulisema, nilimwona. Mwishowe akalisema tu.

"Tangu yule dume."

Mimi ni kinyozi, nimeshawahi kuongea na maiti nikimnyoa kwa ajili ya mazishi, nikampa habari zote. Lakini pale niliishia kutazama. Nilitazama kofia yake, nikatazama nafasi kati ya kofia na bega, ile nafasi ambayo mtutu wangu ulipita. Ilikuwa ndogo sana.

"Siku ile masikio yote mawili yalikuwa yanavuma kama mashine ya kusaga," kaka akaendelea. "Hili la kushoto likarudi baada ya siku tatu. La kulia halikurudi. Nikaona mdomo wako unatembea, nikajua unajisifu."

"Najisifu?"

"Umempiga bata wangu, upande wangu. Ungekuwa unasema nini kingine?"

"Nilikuwa nakuomba radhi."

Nyuma ya matete maji yalikuwa yanapita kwenye mfereji, nikajiuliza kama hayo anayasikia.

"Mara moja?" akauliza.

"Mara mbili."

"Mimi nilikusamehe palepale," akasema. "Kwa kujisifu."

"Sikujisifu."

"Basi msamaha wangu wa miaka minne umekaa bure."

"Na mimi nilishakusamehe," nikasema. "Kwa kutonijibu." Hili halikuwa kweli hata kidogo, na nadhani alilijua, maana alikaa kama mtu anayezuia kucheka.

Nikamuuliza kuhusu Kinyozi wa Stendi. Najua haukuwa wakati wake, lakini lilikuwa limenikaa kooni.

"Wewe unasimama nyuma ya mtu," kaka akasema. "Unaongea na kisogo chake. Siku moja tu kwenye kiti chako, ungeuliza swali mara tatu nisijibu, ungejua. Yule haulizi."

"Anakunyoa vibaya."

"Ananyoa vibaya sana. Shemeji yako ananirekebisha nyumbani kwa mkasi wa kukatia vitambaa."

Nilifurahi, sitaficha. Kisha nikaona aibu kwamba nimefurahi.

"Shemeji anajua, kumbe."

"Anaishi na mimi," kaka akasema. "Binti anajua. Daktari anajua. Wewe peke yako ndiye hukujua, na ilikuwa kazi ngumu, maana una macho kila mahali. Bahati nzuri ulinuna mapema."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Fundi redio hasikii. Nani angeniletea redio?"

"Mimi sina redio. Mimi ni mdogo wako."

Akaokota kipande chake cha mkate, akakigeuza, akakirudisha. "Ningekuambia, ungefanya nini?"

"Ningekuomba radhi."

"Mara ngapi?"

Nikaanza kuhesabu kimoyomoyo.

"Nakujua tangu ukiwa mgongoni," akasema. "Ungekuja dukani asubuhi kuniomba radhi. Jioni ungekuja nyumbani. Ungewaeleza wateja, ungewaeleza wapita njia. Ungezeeka unaniomba radhi, na kila ukiniona usingeona kaka, ungeona sikio. Nikasema bora anune. Mtu aliyenuna anakula na analala."

Na ni kweli nilikuwa nakula na nilikuwa nalala. Miaka minne nimelala usingizi wa mtu aliyeonewa, ambao ni usingizi mzuri kuliko wote. Hilo ndilo lililoniuma. Machozi yakanitoka, nikajifuta kwa gazeti la mkate.

"Usianze," akasema kaka.

"Sijaanza. Na hili la kushoto?"

"Linafuata mwenzake." Alisema hivyo kama anavyozungumzia betri. "Daktari anasema mwaka. Labda miezi. Amesema ni uzee na ule mlio wa bunduki, vyote viwili. Ndiyo maana tunahama. Binti anataka tukae naye kabla halijafunga, ana watoto wadogo, wanaongea sana."

Wakati huo wakaja bata sita. Niliwasikia mimi, na bila kufikiri nikainua vidole sita na kuelekeza gumba nyuma, kama alivyokuwa akinifanyia yeye. Kaka akaviangalia vile vidole. Wakapita juu ya paa, wakashusha miguu, wakatua katikati ya wale wa mbao, mmoja akapiga kambi pembeni ya kengeza. Wakaanza kula mbegu za mwenye shamba mbele ya macho yetu. Kaka aliwatazama, akaitazama bunduki yake, akatazama namna nilivyobanwa kwenye ncha ya benchi kati yake na ukuta. Akaona kuinuka ni kazi.

"Hawa hawana adabu," akasema, na safari hii sauti yake ilitoka ndogo kabisa, ya kibandani.

Nilikuwa nimepanga maneno njiani, lakini yale yalikuwa ya mtu mwingine, aliyevuka kijiti kwa ajili ya bata. Nikamsogelea mpaka kofia yake ikanigusa paji la uso. Alikuwa ananuka chai na mafuta ya bunduki. Kichogo kilikuwa kimekatwa ovyo, ngazi ngazi, nikajiambia kesho Jumapili nitakuja na mashine, nitamkalisha uani kwake na nitasimama mbele.

"Kaka," nikasema. "Nimekosa. Nisamehe sikio lako."

Akatazama maji. Akayatazama vilevile kama alivyoyatazama siku ile, taya limetulia, mikono magotini, bata wanakula. Nikangoja. Jua lilikuwa limetoka na rangi ya makengeza imeanza kuonekana vizuri. Sikuona kitu chochote usoni mwake. Nikaona labda hata upande huu umechoka, labda nimesema chini mno.

"Hukusikia?" nikamuuliza.

"Nimesikia," akasema kaka. Akaniinamishia kichwa kidogo, upande wa kushoto, kama zamani alivyokuwa akiwasikiliza bata. "Rudia."